Mizani ya Mume Wangu

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, jina langu ni Rogathe, mke wa Eliufoo mwenye ghala la nafaka Same mjini. Wengine mnanijua tayari: ni yule mwanamke mnene aliyepandishwa ndege hadi Bombay akakatwa tumbo ili apungue, akarudi na kifuko cha chakula kisichozidi yai la kuku. Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama peku juu ya mizani ya magunia, ghala limejaa watu waliokuja kununua mahindi, na mdogo wangu Zefania anasogeza kile chuma cha kusomea kilo.

Chuma kikatulia. Eliufoo akainama, akasoma kwa sauti ya mnadani.

"Tisini na nne!"

Ghala zima likaangua kicheko.

Ngojeni niwaeleze walichokuwa wanacheka. Nilipotoka Bombay, kilo zilikuwa zinadondoka kila Jumamosi, na kila Jumamosi Eliufoo alinipandisha pale mbele za watu akanitangaza kama bidhaa mpya. Wakati huo alikuwa ananunua maharage ya wakulima wa milimani. Alipomaliza kununua akaifunika mizani turubai, akakaa kusubiri njaa ipandishe bei. Siku anaifunika nilikuwa tisini na mbili.

Miezi mitatu baadaye ukame ukawabana watu wa Kisiwani na Makanya. Njaa ilikuwa kali kiasi kwamba pale stendi walimuua mtu kwa mawe kwa sababu ya debe moja la mahindi. Ndipo Eliufoo akafungua ghala kuuza, na mimi nikapandishwa tena. Miezi mitatu ya kula chakula cha kujaa kikombe cha kahawa, halafu nimeongezeka kilo mbili!

"Ametoboa tumbo la pili huyu," mzee mmoja wa Makanya akasema, na watu wakashika mbavu.

Hedwiga, karani wa ghala, alicheka mpaka akaegemea meza. Binti yule alikuwa na kiuno cha nyigu na mdomo wake vilevile.

"Bosi, bora ungemkata mdomo," akasema.

Eliufoo hakumkemea. Mtu asiyemkemea karani wake mbele ya mkewe, jua ana sababu yake. Akanigeukia nikiwa bado juu ya mizani, sina pa kujificha.

"Mama Doris, nimeuza lori langu ili upone sukari na magoti yako. Umenilipa nini? Unakula kwa siri. Sasa nisikilize, na hawa wote wawe mashahidi. Mwezi ujao Doris anapata kipaimara. Jumamosi ya kuamkia siku hiyo, ukoo wote utakuwa hapa. Utapanda mizani hii mbele yao. Ikisoma themanini au chini ya hapo, utakaa kiti cha mama kanisani. Ikizidi, utapanda gari la Vudee na sanduku lako, urudi kwa baba yako."

"Na Doris?"

"Doris ni mtoto wa nyumba hii."

Nilimtazama Zefania. Mimi ndiye niliyemwombea kazi ile, nikapiga magoti kwa Eliufoo ampokee, maana tangu ruhusa itoke kwamba yeyote mwenye mizani na lori anunue mazao, kijana asiye na mjomba mwenye ghala alikuwa anashinda juani. Zefania aliangalia chini. Nikadhani ananionea huruma.

Mkiniuliza kwa nini sikwenda kupimwa hospitali, Eliufoo hakutaka. Alisema mizani yake ina muhuri wa serikali. Mwanamke asiye na kitu chake hana mizani nyingine.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe, Bibi Eliakunda, amekaa jikoni kwangu anahesabu mayai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yalikuwa saba, yamebaki sita."

"Nimekula moja asubuhi, mama. Daktari alisema nile yai."

"Tumbo wamelikata, tamaa wameiacha," akasema, akalichukua bakuli la mayai akaenda nalo chumbani kwake.

Sasa niwaambie ukweli wa daktari. Kule Bombay kulikuwa na nesi mmoja Mhindi mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Siku naondoka alinishika mkono, akanitafsiria maneno ya daktari pole pole.

"Dada, itafika siku mwili wako utagoma. Mizani itasimama palepale, wiki hata miezi. Usiogope, na usijinyime. Anza na yai, nyama au maharage, tafuna mpaka ilainike, maji unywe baadaye. Halafu tembea, nyanyua vizito, misuli ipate kazi. Ukiona mizani imesimama, jipime kiuno kwa tepu. Mwili unaweza kupungua upana na mizani isiseme."

Maneno mazuri. Nami nikafanya kinyume cha yote, kwa woga. Niliacha maharage kwanza, halafu yai, maana yalihesabiwa. Nikabaki na uji mwepesi na chai ya rangi. Wiki ya kwanza mizani ikasema tisini na tatu. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, mikono ikawa inatetemeka nikishika sindano, na moyo ukawa unakimbia nikiwa nimekaa.

Nilijaribu kutembea. Niliamka asubuhi nikashika barabara kuu, mikono mitupu. Sikufika hata kituo cha mafuta.

"Mama Doris, kuna msiba wapi?" akauliza mama mmoja wa sokoni.

"Hakuna. Natembea tu."

"Unatembea tu?" Akawaita wenzake. Kwetu mwanamke hatembei tu. Ana kuni kichwani, au ana mtoto mgongoni, au amepata simu ya kifo. Kabla jua halijapanda, mji mzima ulishajua kwamba mke wa Eliufoo ameanza kuchanganyikiwa, na wengine wakajua zaidi ya hapo.

Aliyeniletea hilo la zaidi ni Lukia, fundi cherehani, rafiki yangu wa siku nyingi. Alifunga mlango wa kibanda chake kwanza.

"Shoga, sikufichi. Wanasema umekanyaga waya."

"Ukimwi? Mimi?"

"Wanasema Bombay ilikuwa geresha. Eti ulipelekwa kutafuta dawa ya ule ugonjwa. Uso umekwisha, shingo imetoka mishipa. Nani aliwahi kumwona mtu amelipia kukonda?"

Nilicheka, maana niliona ni ujinga. Jumapili yake sikucheka. Tulipopanga foleni ya kwenda kwenye meza ya Bwana, wanawake waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunipita mmoja mmoja. Mmoja alisema anawahi mtoto, mwingine anawahi jiko. Nikajikuta wa mwisho kabisa. Walikuwa wanakimbia kukinywea kikombe kabla midomo yangu haijakigusa.

Nilikinywea nikiwa peke yangu mbele ya madhabahu. Mchungaji akakifuta mara mbili.

Doris wangu aliona yote yale. Alikuwa amekaa benchi la watoto wa kipaimara, na gauni lake jeupe nilikuwa bado namshonea usiku na mchana. Njiani hakunishika mkono. Alikuwa na miaka kumi na minne, umri ambao mtoto anaona aibu kwa kila kitu, lakini moyo wangu uliuma.

Kilichoniokoa ni baragumu.

Huko kwetu Vudee maji ya mashamba yanakusanywa kwenye bwawa la wazee tunaloliita ndiva. Mvua kubwa ya milimani, isiyoteremka tambarare, ilikuwa imebomoa ukingo wake, na baragumu likapigwa kuita msaragambo, ile kazi ya kijiji ambayo kila kaya lazima itoe mtu mmoja, asiyetokea anatozwa. Baba yangu, Mzee Melkizedeki, alikuwa peke yake nyumbani na mgongo wake unauma. Nikamwambia Eliufoo nakwenda kusimama badala ya baba.

"Nenda," akasema. "Huko hakuna mayai."

Nilibeba mawe. Nilibeba udongo kwa karai. Pale hakuna aliyeniuliza kuna msiba wapi, maana mwanamke mwenye jiwe kichwani anaeleweka. Wenzangu wa utotoni walinitania kwamba Bombay imenirudisha usichana. Kwa mara ya kwanza tangu kisu kinipite, nilijisikia mtu.

Kisha nikaanguka. Jiwe lilikwenda upande wake, mimi upande wangu, nusura nitumbukie ndani ya bwawa. Nilipofumbua macho nilikuwa barazani kwa baba, naye ameshika bakuli la makande.

"Umekula nini tangu jana?"

"Uji, baba."

"Uji wa mtoto, kazi ya punda. Nani amekufundisha hesabu hiyo?"

Nikamweleza yote, mizani, kipaimara, Doris. Baba si mtu wa maneno mengi. Alichukua kijiko akaanza kuchambua makande, mahindi pembeni, maharage upande wangu.

"Huyo nesi alisema uanze na maharage. Basi anza."

Nikala maharage kumi na kitu, nikitafuna mpaka yakawa maji, na tumbo likajaa. Baba akala mahindi yaliyobaki. Tukawa tunafanya hivyo kila nilipopanda mlimani: maharage mimi, mahindi yeye. Nilimpa Lukia pesa kidogo aniwekee mayai na dagaa kibandani kwake, nikawa nakula huko mbali na macho ya Bibi Eliakunda. Siku za msaragambo nabeba mawe, siku nyingine nachota maji mwenyewe. Mikono ikaacha kutetemeka. Nikaanza kulala usingizi.

Siku moja tukiwa barazani, baba akataja jambo, nami sikulitia maanani.

"Maharage ya safari hii yamekomaa vizuri," alisema. "Yale ya msimu uliopita sijui yalikuwa na nini. Nilijaza gunia mpaka nikashindwa kulishona, mizani ya mkwe ikasema pungufu. Zefania mwenyewe alipima. Nadhani mvua iliyakosesha uzito."

"Labda, baba," nikasema.

Jumamosi iliyotangulia ile ya hukumu nikapanda mizani nikiwa na matumaini. Zefania akasogeza chuma, Eliufoo akasoma.

"Tisini na mbili!"

Hedwiga akapiga makofi. Siku hiyo alikuwa amevaa kilemba changu, kile cha bluu nilichokitafuta wiki nzima. Alikuwa hajaingia nyumbani kwangu, ila kilemba changu kilikuwa kimeshamfuata.

"Bado wiki moja, Mama Doris," Eliufoo akaninong'oneza. "Anza kupanga sanduku."

Nikaenda kwa Lukia kupima gauni la kuvaa kanisani. Nililia kibandani kwake mpaka akaniletea maji. Kisha akanizungushia tepu, akanizungushia tena.

"Rogathe, nani amekuambia hujapungua?"

"Mizani."

"Mizani gani hiyo? Gauni hili nilishalipunguza mara moja tangu ghala lifunguliwe. Leo naweza kuingiza mtoto ndani yake. Mimi sijasoma, lakini kitambaa nakijua."

Nikiwa natoka, nikasuuza mikono nje kwenye beseni. Pete yangu ya ndoa ikatoka kidoleni yenyewe, ikazama kwenye povu. Nikasimama naitazama. Kidole kinakonda, kiuno kinakonda, shingo mpaka watu wanakimbia kikombe changu, na mizani imegoma. Maneno ya nesi nilikuwa nayo, kwamba mwili unaweza kupungua upana na mizani isiseme. Lakini kiasi hiki? Hapo ndipo lile jambo la baba lilinirudia, la maharage kukosa uzito.

Nikasubiri Ijumaa. Eliufoo alikuwa amekwenda Moshi na Zefania kununua soda za sherehe, Salimu mlinzi alikuwa msikitini, na Hedwiga alikuwa saluni anajiandaa kwa kipaimara cha mwanangu kana kwamba amemzaa yeye. Nikaingia ghalani mchana kweupe, mke wa mwenye mali, nani angeniuliza.

Kwenye kona kulikuwa na mifuko ya saruji. Eliufoo aliwaahidi watu wa Vudee mbele ya mchungaji kwamba ataitoa kwa ajili ya ndiva, akapigiwa vigelegele, kisha akaiacha hapo. Saruji inatoka kiwandani imefungwa, kilo hamsini kamili, kila mtu anajua.

Nikaukumbatia mfuko mmoja. Mwaka mmoja nyuma nisingeweza kuinama kufunga kiatu. Nikapumua, nikauinua mpaka kifuani kama tulivyokuwa tunainua mawe ya ukingo, nikautua juu ya bamba la mizani. Nikasogeza chuma mwenyewe.

Sitini na mbili.

Nikausoma tena. Sitini na mbili. Nikaushusha, nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya bamba, kwenye vile vyuma vinavyobeba uzito. Nikagusa kitu kimefungwa kwa kamba ya katani. Kilikuwa kipande cha chuma cha reli, hakizidi mche wa sabuni.

Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Watu wa Kisiwani walikuwa wanauza mbuzi wao, wanalipia mahindi na kipande cha reli ndani yake! Na mimi, ukitoa zile kumi na mbili za uongo, nilikuwa nimeshafika themanini, nimeshashinda, huku nahesabiwa mayai.

Kuna mtu atasema ningetoka nje palepale nikapiga kelele. Huyo hakuwaona watu wenye njaa wanavyoshika mawe. Ghala lile ndiyo nyumba ya Doris. Sikutaka haki ya Same nzima, nilitaka mwanangu tu. Nikaikata kamba kwa kisu cha magunia, nikakifunga kile chuma kwenye ncha ya khanga yangu, nikaufagia unga wa saruji. Kesho mizani itasema kweli, na kweli ni yangu. Ndivyo nilivyojipanga.

Jumamosi ikafika. Ukoo wa Eliufoo ulikaa kwenye viti vya kukodi. Kwa upande wetu waliteremka baba na majirani zake wa Vudee, na kwa kuwa lori lilikuwa linakuja wakaona wapakie na maharage mapya, wauze wapate cha kumtuza Doris. Nje, watu wa tambarare walikuwa wamepanga foleni na magunia matupu wakisubiri mahindi. Wakulima walipimiwa kwanza. Mimi nilikuwa jikoni na masufuria, sikuona.

Nilipoitwa, nilitoka na gauni jipya, khanga yenye kile chuma nimejifunga kiunoni. Nilitembea kifua mbele. Bibi Eliakunda alikuwa amekaa na Doris mbele kabisa, mchungaji pembeni yao, Hedwiga nyuma ya mume wangu.

"Baba, shikamoo," nikamsalimu Mzee Melkizedeki nikipita.

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa amekunja uso. "Maharage yamekosa uzito tena. Sielewi."

Maneno yale yalinigonga nikiwa nimeshatia mguu mmoja juu ya bamba. Nilichelewa. Eliufoo alinishika kiwiko, akanipandisha.

Zefania akashika chuma cha kusomea. Alikisogeza kwenye tisini, mkono wa mizani ukalala. Akakirudisha themanini, ukalala. Jasho likaanza kumtoka. Akarudisha, akarudisha, mpaka mkono ukainuka ukasimama katikati.

Eliufoo akainama. Hakupaza sauti kama siku zote.

"Sitini na saba."

Hakuna aliyecheka.

"Soma tena," mchungaji akasema.

"Sitini na saba, mchungaji. Jumamosi iliyopita tisini na mbili. Ghala zima lilisikia."

Pale juu ndipo akili iliponifunguka, na ilifunguka vibaya. Chuma cha chini ni cha kuuzia. Kwa kununulia wana ujanja mwingine: kile chuma cha kusomea, lazima wanakibadilisha kwa kingine kilichotobolewa na kujazwa madini ya risasi, ili gunia la mkulima lisome pungufu. Leo wamenunua maharage. Leo mizani inapunguza. Hata zile kilo zilizodondoka niliporudi kutoka Bombay, nikatangazwa na kupongezwa, nyingine zilikuwa za uongo kama magunia ya baba.

Nilimwona Eliufoo naye ameshtuka. Kisha nikaona mshtuko unatulia, na kitu kingine kinaingia mahali pake. Mume wangu hakuwahi kuacha faida impite.

Akavua kofia.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti ikamtetemeka kwa ustadi, "nilikuwa naficha aibu ya nyumba. Nilisema Bombay, nilisema tumbo. Mtu mzima hapotezi kilo ishirini na tano kwa wiki moja. Mnajua wenyewe ni ugonjwa gani unaofanya hivyo."

Viti vikasogea, miguu ya chuma ikikwaruza sakafu. Waliokuwa karibu nami wakarudi nyuma. Mwanamke mmoja akamwaga chai aliyokuwa anakunywa, chai niliyoipika mimi.

"Mama!" Doris akainuka akilia.

Bibi Eliakunda akamdaka kiunoni. "Usimguse! Unataka kufa na wewe?"

"Mama, ni kweli?"

"Si kweli, mwanangu."

"Wote husema hivyo," Hedwiga akasema, akajifuta mikono kwenye sketi ingawa hakuwa amenigusa.

Nikateremka. Mkono wangu ulikuwa kwenye ncha ya khanga, umekishika kile kipande cha reli. Niliwaza neno moja tu: Doris. Sikuwaza mawe wala njaa ya watu.

"Eliufoo," nikasema kwa sauti ya kufika mpaka nje, "leta mfuko wa saruji. Hamsini kamili, umefungwa kiwandani. Uweke juu ya mizani hii, watu wote wasome."

Eliufoo akakauka. Kule mlangoni watu wa foleni wakaanza kuingia kutazama, na wakulima wa Vudee wakasimama.

"Saruji ya nini?" mmoja akauliza.

"Ndiyo, saruji ya nini?" akauliza na mwingine, lakini huyu wa pili sauti yake haikuwa ya kuuliza. Alikuwa amekwishaanza kuyatazama magunia yake.

Ndipo Zefania aliponisogelea. Alikuwa wa kwanza kunikaribia tangu isomwe ile namba. Alinisemesha Kipare, mdomo karibu na sikio langu, ili mtu mwingine asisikie.

"Dada, usiombe saruji. Ile kamba uliyoikata, niliifunga mimi. Risasi niliijaza mimi. Asubuhi nilipoingiza mkono chini nikakuta patupu, nikajua ni wewe, na sikukusaliti."

"Ulinipima miezi yote hii, Zefania. Ulinitazama nikifa njaa."

"Mumeo alisema nikifungua mdomo narudi mlimani." Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Leo wakijua, hawatamgusa yeye. Yeye ana gari, ana polisi wake. Watamshika aliyekuwa anapima. Uliona pale stendi, dada. Ilikuwa debe moja tu."

"Na mwanangu?"

"Sema unaumwa," akaninong'oneza. "Sema tu ni kweli. Mgonjwa hapigwi mawe."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka kumficha ndani ya gauni langu, kama nilivyokuwa namficha utotoni ili baba asimchape. Vyote viwili nilivitaka kwa wakati mmoja.

Sikupata nafasi ya kuchagua. Mzee Melkizedeki, baba yetu, alikuwa amechoka kusubiri. Alikwenda kwenye kona na mgongo wake mbovu, akaukumbatia mfuko wa saruji aliyoahidiwa kwa ajili ya ndiva, akaunyanyua. Majirani zake wakampisha njia. Nyuma yao watu wa Kisiwani walikuwa wamejaza mlango, na mmoja wao alikuwa ameshainama kuokota kitu nje.

Baba akafika kwenye mizani. Akausimamisha mfuko hewani, juu kidogo ya bamba. Akamtazama Zefania, akaona machozi. Akanitazama mimi, akaona ncha ya khanga imevutwa chini na kitu kizito. Baba si mtu wa maneno mengi, lakini si mjinga. Rangi ikamtoka usoni.

Doris alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ananisubiri mimi.

"Rogathe," baba akasema, "niutue au nisiutue? Sema upesi, mwanangu. Mfuko ni mzito na mimi ni mzee."